Bodi ya kanda: namna ya kupeleka ombi la ardhi katika mji mdogo wa Massachusetts

Maswali huwa ni yale yale. Mkaguzi wa majengo amenikatalia kibali, ndiyo basi tena? Jirani akipinga, bodi bado inaweza kuniruhusu? Naweza kumwaga zege la msingi huku nasubiri barua? Majibu mafupi: bado una njia; ndiyo, inaweza; na usithubutu. Majibu marefu yanafuata.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba au kiwanja katika mji mdogo wa Massachusetts anayehitaji ruhusa ya bodi ya rufaa za kanda, yaani bodi ya mji inayoamua maombi ya matumizi ya ardhi na ujenzi. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, na huwezi kutaja siku wala kura bila kuchagua jimbo moja. Hapa inayotawala ni Sura ya 40A ya sheria za jimbo. Boston ina utaratibu wake peke yake, kwa hiyo haimo. Walioko New York na New Hampshire wana maneno yao machache karibu na mwisho.

Bodi inapima nini

Mji umegawanywa katika kanda: makazi, biashara, viwanda na nyinginezo. Sheria ndogo ya kanda inataja kinachoruhusiwa katika kila ukanda, pamoja na vipimo: ukubwa wa chini wa kiwanja, urefu wa jengo, nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka, idadi ya maegesho. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, kwamba mji una haki ya kupanga hivyo. Usipoteze dakika zako za kikao kubishania hilo.

Bodi ya rufaa za kanda kwa kawaida ina wajumbe watatu au watano, wakazi wa hapo hapo walioteuliwa, pamoja na wajumbe wa akiba. Haitungi sheria na haiwezi kuibadilisha. Hiyo ni kazi ya mkutano wa mji. Kazi yake ni kuangalia kama ombi lako limetimiza kila kigezo kilichoandikwa, na kama ushahidi uko kwenye faili. Wajumbe wanaweza kukupenda, wakausifia mchoro wako, kisha wakakunyima kwa sababu kigezo kimoja hakikujibiwa. Wala hawakukosea: uamuzi usio na ushahidi kwa kila kigezo huanguka mahakamani mara jirani mmoja anapoupinga.

Maombi yanayofika mbele yao ni ya aina nne:

- Kibali maalumu. Matumizi ambayo sheria ndogo inayakubali, lakini baada ya kuchunguzwa, mfano karakana ndogo katika ukanda wa makazi. Angalia sheria ndogo inasema nani anakitoa. Katika miji mingine ni bodi ya mipango au baraza la mji.
- Variansi. Ruhusa ya kwenda kinyume na sheria ndogo, mara nyingi kipimo. Ndiyo ngumu kuliko zote, na hakuna mtu mwenye haki ya kuidai. Variansi ya matumizi, yaani kuweka katika ukanda kitu kilichokatazwa kabisa, haitolewi ila kama sheria ndogo ya mji inairuhusu waziwazi.
- Uamuzi wa kifungu cha 6 cha Sura ya 40A. Kwa nyumba iliyojengwa kihalali kabla ya sheria kubadilika, ambayo leo haitimizi vipimo.
- Rufaa dhidi ya uamuzi wa mkaguzi wa majengo.

Kabla ya kuanza, kusanya haya

- Nakala ya hati ya umiliki, pamoja na namba ya kitabu na ukurasa ilikosajiliwa.
- Namba ya ramani na kiwanja kutoka ofisi ya wathamini wa kodi.
- Barua ya mkaguzi wa majengo inayotaja kifungu kilichokuzuia.
- Ramani ya kiwanja iliyopimwa kwa vifaa na mpima ardhi mwenye leseni, yenye sahihi na muhuri wake.
- Michoro ya jengo: ramani ya kila ghorofa na mwonekano wa kila upande, pamoja na urefu.
- Picha za kiwanja na za nyumba za jirani.
- Orodha ya majirani iliyothibitishwa na ofisi ya wathamini.
- Fomu ya ombi, sahihi ya mwenye ardhi, na ada.
- Toleo la sasa la sheria ndogo ya kanda. Lile ulilopakua miaka mitatu iliyopita huenda limeshabadilika.

Tenga pia fedha za vitu vinavyosahauliwa: tangazo la gazeti, posta, na usajili wa uamuzi mwishoni. Gharama kubwa zaidi huwa ni ya mpima, na ndiyo watu wanayojaribu kuikwepa. Usiikwepe. Ule mchoro wa kiwanja uliopewa na benki uliponunua nyumba ni wa kuridhisha benki tu. Mistari yake ya mpaka inaweza kukosea kwa futi kadhaa, na bodi nyingi huurudisha mlangoni.

Hatua kwa hatua

1. Anza kwa mkaguzi wa majengo, usianze kwa bodi.

Mpelekee mchoro hata kama ni wa penseli. Muulize maswali matatu: kiwanja kiko ukanda gani, ni kifungu gani kinanizuia, na ninahitaji ruhusa ya aina gani. Omba majibu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo inayoamua fomu utakayojaza. Ukiomba kibali maalumu pale palipohitaji variansi, tangazo litakuwa na kosa na utarudi mwanzo.

Huenda ukagundua huhitaji bodi kabisa. Tangu tarehe 2 Februari 2025, sheria ya jimbo inaruhusu nyumba ndogo ya nyongeza katika kanda za nyumba za familia moja bila kibali maalumu, mradi isizidi futi za mraba 900 (kama mita 84 za mraba) au nusu ya eneo la nyumba kuu, kile kilicho kidogo. Vilevile kifungu cha 3 cha Sura ya 40A kinazuia mji kukataza nyumba ya ibada au shule isiyo ya faida, na vituo vya kulelea watoto vyenye leseni, au kuvidai kibali maalumu kwa ajili ya matumizi hayo. Mji unaweza kuviwekea masharti ya kiasi kuhusu urefu, nafasi za mpakani na maegesho, basi. Makanisa machanga yanayotafuta jengo huchezewa sana hapa: kamati inaambiwa "ukanda huu hauruhusu kanisa" na inaondoka kimya. Rudini na kifungu hicho mkononi.

2. Angalia kama nyumba yako ni ya zamani kuliko sheria.

Nyumba nyingi za miji hii zilikuwepo kabla ya sheria ya kanda, na zimekaa karibu na mpaka kuliko inavyotakiwa leo. Kama ni ya familia moja au mbili, na upanuzi wako hauongezi ile kasoro, huhitaji ruhusa ya bodi. Kama unaiongeza, bodi inatakiwa iamue jambo moja: je, upanuzi utaudhuru mtaa kwa kiasi kikubwa kuliko hali ilivyo sasa? Kigezo hiki ni chepesi mno kukilinganisha na vigezo vya variansi. Mahakama ya juu ya jimbo ilisema mwaka 2019, katika kesi iliyotoka Brookline, kwamba nyumba za aina hii hazidaiwi variansi juu ya uamuzi huo. Lakini ni lazima uthibitishe mwaka wa kujengwa: kadi ya wathamini, kibali cha zamani, au ramani ya zamani kutoka masjala ya hati.

3. Pima upungufu wako kwa namba.

Andika jedwali la safu tatu: kinachotakiwa, kilichopo, unachoomba. Mfano: nafasi ya ubavuni inayotakiwa ni futi 15 (mita 4.6), iliyopo ni futi 21, unaomba ibaki futi 9 (mita 2.7). Upungufu ni futi 6.

Soma tafsiri ya maneno iliyo mwanzoni mwa sheria ndogo uone kipimo kinaanzia wapi. Mji mmoja hupima kutoka ukutani, mwingine kutoka ukingo wa paa, na ngazi za nje zinaweza kuhesabiwa au kuachwa. Ukiomba futi 9 kwa kipimo cha ukuta, halafu paa likachomoza futi moja na nusu katika mji unaopima paa, umepewa ruhusa ya nyumba ambayo huwezi kuijenga.

4. Andika maelezo ya kigezo kimoja kimoja.

Hapa ndipo ombi linaposhinda au kushindwa. Nakili kila kigezo kama kilivyo katika sheria, kisha jibu chini yake. Kwa variansi, kifungu cha 10 kinataka yote haya:

a) Kuna hali ya udongo, umbo au mwinuko wa ardhi, au ya jengo, inayokigusa kiwanja chako hasa na isiyougusa ukanda mzima.

b) Kwa sababu ya hali hiyo, kufuata sheria neno kwa neno kutakuletea ugumu mkubwa, wa fedha au wa namna nyingine.

c) Ruhusa haitaleta madhara makubwa kwa umma.

d) Ruhusa haitavunja lengo la sheria ndogo.

Kigezo (a) ndicho kinachowaangusha wengi. Wanaandika: "Familia yetu imeongezeka, mama mkwe anahamia kwetu, tunahitaji chumba." Ni kweli, na inaeleweka, ila haina uzito wowote kisheria, kwa sababu haisemi chochote kuhusu ardhi. Linganisha na hii: "Kiwanja kina umbo la kabari, futi 90 kwa upana barabarani na futi 48 nyuma. Mwamba umejitokeza upande wote wa kaskazini, kama ramani inavyoonyesha. Sehemu pekee inayojengeka iko kusini, na hapo chumba cha futi 12 kinabakiza futi 9 hadi mpakani. Viwanja vingine vya barabara hii ni mstatili na havina mwamba." Ambatanisha makadirio ya fundi ya kuvunja mwamba ule, na sasa kigezo (b) nacho kina mguu wa kusimamia.

Ugumu uliojitengenezea mwenyewe hauhesabiki. Aliyekata kiwanja chake vipande akauza kipande kikubwa, kisha akaja kulia kwamba alichobakiza ni kidogo, hapati kitu.

Kwa kibali maalumu, vigezo viko katika sheria ndogo ya mji wenyewe: magari, kelele, maji ya mvua, taa, sura ya mtaa. Toa namba: magari mangapi kwa siku, saa ngapi hadi saa ngapi, wafanyakazi wangapi. Ahadi ya "hatutasumbua mtu" haiwekwi kwenye uamuzi. "Tutafunga saa 12 jioni" inawekwa.

5. Ongea na majirani kabla barua haijawafikia.

Hakuna sheria inayokulazimisha, na wapo wanaoona ni kujipendekeza. Fanya hivyo hivyo. Jirani anayejua habari kwa mara ya kwanza kutoka kwenye barua ya serikali huja kikaoni amekasirika. Aliyeonyeshwa mchoro sebuleni huja na ombi la uzio. Akikubali, mwombe barua fupi yenye sahihi. Kumbuka tu kwamba bodi haihesabu kura za majirani: barua 20 za kuunga mkono haziwezi kuziba kigezo kilichokosekana, na barua 20 za kupinga haziui ombi lililotimia. Hoja ya jirani yenye uzito ni ile inayogusa vigezo, kama maji ya mvua kuelekezwa kwake.

6. Wasilisha, na hakikisha karani wa mji amegonga muhuri wa tarehe.

Nakala moja ni ya karani, nyingine za bodi. Baki na yako yenye muhuri. Kutoka siku hiyo saa ya sheria inaanza:

- Kikao cha hadhara kifanyike ndani ya siku 65.
- Uamuzi wa variansi au rufaa utolewe ndani ya siku 100 tangu kuwasilisha.
- Uamuzi wa kibali maalumu utolewe ndani ya siku 90 baada ya kikao.

Ukikata rufaa dhidi ya mkaguzi wa majengo, una siku 30 tu tangu uamuzi wake. Siku ya 31 haina msamaha.

7. Kagua tangazo lao kama vile ni lako.

Tangazo litoke gazetini mara mbili, katika wiki mbili zinazofuatana, la kwanza likitangulia kikao kwa siku 14 au zaidi. Libandikwe pia kwenye jengo la mji siku 14 kabla. Barua ziende kwa wanaopakana nawe, kwa wenye ardhi iliyo moja kwa moja ng'ambo ya barabara, na kwa wanaopakana na hao mradi wako ndani ya futi 300 (kama mita 91) za mpaka wako; pia kwa bodi ya mipango ya mji na ya kila mji unaopakana nao. Mara nyingi ofisi ya bodi ndiyo inayotuma, ila miji mingine humwachia mwombaji.

Soma lilivyochapwa: anwani, namba ya kifungu, aina ya ruhusa. Kosa hapa linaweza kuufuta uamuzi miezi kadhaa baadaye, wakati kuta zimeshasimama.

8. Jiandae kwa kikao.

Mwenyekiti husoma tangazo, wewe unaeleza, wajumbe wanauliza, barua za idara nyingine zinasomwa, wananchi wanasema, kikao cha ushahidi kinafungwa, wajumbe wanajadiliana hadharani, wanapiga kura. Dakika 10 za maelezo zinatosha. Anza na jedwali lako la namba, kisha pitia vigezo kwa mpangilio ule ule wa maandishi yako. Zungumza na bodi. Usigeuke kubishana na jirani.

Unaweza kuwakilishwa na wakili au mtu mwingine. Kama Kiingereza cha kikao kinakupa shida, piga simu ofisini mapema kuuliza kuhusu mkalimani, au njoo na mtu anayeijua kazi yako vizuri. Usimlete mtoto wa shule kutafsiri mambo ya mipaka na mifereji.

Wajumbe wakionyesha wasiwasi, pendekeza sharti mwenyewe: kuzungusha uzio wa futi 6, taa zielekezwe chini, dirisha la ubavuni liwe la juu. Sharti ulilolipima mwenyewe nyumbani ni rahisi kulitekeleza kuliko lile litakalobuniwa saa 4 usiku na watu waliochoka.

Ushahidi ukishafungwa, bodi haiwezi kupokea kingine. Kwa hiyo kama umeulizwa swali ambalo huna jibu lake, omba kikao kiahirishwe kabla hakijafungwa. Utatakiwa kusaini makubaliano ya kuongeza muda. Saini, na hakikisha yamefika kwa karani.

9. Hesabu kura kabla ya kura.

Bodi ya watano inahitaji kura 4 za ndiyo. Bodi ya watatu inahitaji zote 3. Kuna vibali maalumu vichache vya nyumba ambavyo tangu 2021 vinapita kwa wingi wa kawaida, lakini variansi haimo. Wakihudhuria wanne kati ya watano, kikao ni halali na akidi imetimia, ila wewe sasa unahitaji kila mmoja wao. Mwenyekiti mwungwana atakuuliza kama unataka kuahirisha. Asipouliza, uliza wewe.

10. Baada ya ndiyo, subiri, kisha sajili.

Uamuzi ulioandikwa hupelekwa kwa karani. Kuanzia siku unapopokelewa kwake, na siyo usiku wa kura, mtu aliyeathirika ana siku 20 za kwenda mahakamani, na ni lazima amjulishe karani ndani ya siku hizo hizo. Zikiisha bila rufaa, karani anaandika uthibitisho kwenye nakala. Ichukue, ipeleke masjala ya hati za ardhi ya eneo lako, isajiliwe. Kabla ya usajili ruhusa haina nguvu, hata kama kila mtu mjini anajua uliipata. Peleka risiti ya usajili kwa mkaguzi wa majengo, ndipo uombe kibali cha ujenzi.

Variansi isiyotumika hufa baada ya mwaka 1. Unaweza kuongezewa hadi miezi 6 ukiomba kabla haijaisha. Kibali maalumu hudumu kwa muda uliowekwa na sheria ndogo, usiozidi miaka 3.

Makosa yanayorudiwa

*Kusahau idara nyingine.* Bodi ya kanda haikupi ruhusa ya kila kitu. Ukijenga ndani ya futi 100 za ardhi oevu, au futi 200 za mto katika miji mingi, kuna kamati ya uhifadhi. Ukiongeza chumba cha kulala kwenye nyumba yenye tangi la maji taka, bodi ya afya itahesabu galoni 110 kwa siku (kama lita 416) kwa kila chumba, na mfumo wako unaweza kukataliwa. Fika huko kwanza. Inauma kushinda variansi ya chumba ambacho maji taka yake hayana pa kwenda.

*Kuwapigia wajumbe simu nyumbani, au kuwavizia dukani.* Mjumbe atalazimika kulitangaza kikaoni, pengine kujitoa. Umepoteza kura kwa mikono yako.

*Kutumia nyumba ya mwenzako kama hoja.* "Mbona fulani alipewa?" Huenda kiwanja chake kina mteremko, huenda nyumba yake ni ya 1890, huenda alijenga bila kuuliza. Mifano ya mtaani inasaidia kuonyesha sura ya mtaa. Haithibitishi ugumu wa ardhi yako.

*Kuomba bila kuacha nafasi ya makosa.* Ukiomba futi 9 kamili na fundi akaweka msingi futi 8 na nusu, huna ruhusa ya nusu futi hiyo. Mpima arudi kupima kabla zege halijamwagwa, na tena msingi ukishakauka.

*Kujenga ndani ya zile siku 20.* Rufaa ya siku ya mwisho ipo, na anayeshinda anaweza kuomba jengo libomolewe.

Mambo yakikwama

*Unaona wazi kura hazitoshi.* Usisubiri zipigwe. Ukikataliwa, ombi lile lile haliwezi kurudi kwa miaka 2, ila kwa kupitia mlolongo mgumu unaohitaji pia ridhaa ya bodi ya mipango. Simama uombe kuliondoa bila kupoteza haki ya kuomba tena. Kabla ya tangazo kutoka ungeliondoa mwenyewe. Baada ya tangazo unahitaji idhini ya bodi, na mara nyingi inaitoa.

*Mjumbe hayupo kikao cha pili.* Kama mji umeridhia kifungu cha 23D cha Sura ya 39, mjumbe aliyekosa kikao kimoja anaweza kupiga kura baada ya kupitia rekodi na kusaini kwamba ameipitia. Aliyekosa viwili hawezi. Muulize karani kabla ya kukubali tarehe.

*Siku 100 zimepita, hakuna uamuzi.* Sheria inalihesabu ombi kuwa limekubaliwa, lakini hilo halitokei lenyewe. Una siku 14 tangu muda kuisha za kumjulisha karani kwa maandishi na kuwatumia taarifa wahusika wote. Mtafute wakili siku hiyo hiyo.

*Umekataliwa.* Soma uamuzi ulioandikwa. Usitegemee kumbukumbu ya maneno ya kikaoni. Siku 20 ni zako pia. Mahakama husikiliza ushahidi upya, lakini kwa variansi iliyonyimwa huwa haina huruma, maana bodi haikulazimika kuitoa. Ombi lililobadilika kwa kiasi kikubwa, mfano chumba kilichosogezwa nyuma na upungufu kushuka kutoka futi 6 hadi 2, mara nyingi ni njia ya bei nafuu zaidi.

*Jirani amekata rufaa.* Variansi haifanyi kazi mpaka rufaa iishe; kibali maalumu unaweza kukitumia, ila kwa hatari yako mwenyewe, maana mahakama ikikifuta unaweza kuamriwa kubomoa. Kabla ya kutumia fedha kwa mawakili, tafuta anachotaka hasa. Mara nyingi ni mti, mfereji au dirisha.

Ukiwa New York au New Hampshire

Katika miji midogo ya New York, variansi ya kipimo hupimwa kwa mizani: faida yako dhidi ya madhara kwa mtaa, kwa mambo matano, na ugumu wa kujitengenezea haukuui moja kwa moja. Variansi ya matumizi ni kali: ulete hesabu za fedha kuonyesha kwamba hakuna matumizi yanayoruhusiwa yanayolipa. Bodi huamua ndani ya siku 62 baada ya kikao, na kura ni wingi wa wajumbe wote. Kiwanja kikiwa ndani ya futi 500 za barabara ya jimbo au mpaka wa mji, ombi hupitia wilayani kwanza. Wilaya ikipinga, bodi inahitaji kura moja zaidi ya wingi. Mahakamani una siku 30.

New Hampshire bodi ni ya watano na kura 3 zinatosha, kwa vigezo vitano, kimojawapo thamani ya nyumba za jirani isishuke. Ukishindwa, usikimbilie mahakamani: kwanza omba kusikilizwa upya, ndani ya siku 30, na utaje kila hoja, kwa sababu ile usiyoitaja hapo kwa kawaida hutaruhusiwa kuileta mbele ya jaji.